Shahada au Mshahara: Kesi ya Spencer Haywood

Kwa muda mrefu vyuo vikuu vya Marekani vimekuwa kitalu cha timu za kulipwa za mpira wa kikapu. Watazamaji walijaa viwanjani, televisheni zikalipa, makocha wakapata mishahara minono. Bali kijana ambaye jasho lake ndilo lililoleta mapato hayo hakuruhusiwa kupokea zaidi ya gharama za masomo, chakula na malazi. Aliitwa mchezaji wa ridhaa, ingawa ridhaa yake hakuna aliyeiuliza.

Ligi ya NBA nayo ilikuwa na kanuni yake: mchezaji asisajiliwe mpaka ipite miaka minne tangu wenzake wa darasa moja walipomaliza sekondari. Watetezi wa kanuni hiyo walisema kwamba inalinda elimu ya vijana. Mwalimu yeyote atavutwa na hoja hiyo, wala haikosi uzito. Lakini tuitazame kwa makini. Kanuni haikumtaka kijana asome, ilimtaka angoje. Aliyeacha chuo akakaa kwao bila kazi alizuiwa sawasawa na aliyekuwa darasani, na miaka minne ilipotimia, asiye na shahada alipokewa kama aliyeipata. Waliofaidika hasa ni vyuo, vilivyobaki na mchezaji asiyelipwa, na ligi, iliyompata akiwa amekwisha kufunzwa na kupata sifa kwa gharama za wengine.

Aliyeivunja kanuni hiyo ni Spencer Haywood, aliyezaliwa mwaka 1949 huko Mississippi, katika familia maskini ya watu weusi, na ambaye utotoni alichuma pamba mashambani. Mwaka 1968 aliisaidia Marekani kutwaa medali ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico. Baada ya msimu mmoja katika Chuo Kikuu cha Detroit aliingia ABA, ligi iliyoshindana na NBA, ambayo ilimkubali kwa sababu ya dhiki ya nyumbani kwao. Katika msimu wake wa kwanza akawa mchezaji bora wa ligi nzima. Mwishoni mwa 1970 timu ya Seattle ya NBA ikamsajili kwa mkataba wa miaka sita wenye thamani ya dola milioni 1.5, na hapo mashtaka yakaanza. Haywood amesimulia jinsi alivyotangazwa viwanjani kuwa mchezaji haramu, na watazamaji wakamrushia chupa.

Tarehe 1 Machi 1971, Jaji William O. Douglas wa Mahakama ya Juu kabisa aliirejesha amri iliyomruhusu Haywood kucheza wakati kesi ikiendelea. Pande mbili zikapatana, na mwaka uleule NBA ikawafungulia mlango wanafunzi walioweza kuthibitisha dhiki. Mwaka 1976 hata uthibitisho huo ukaondolewa.

Fedha za mapema hazikumkinga Haywood: aliangukia katika dawa za kulevya, na mwaka 1980 timu ya Lakers ikamfukuza wakati wa fainali. Wapo wanaoutaja mkasa huo kuwa ushahidi kwamba angalingoja. Mimi siuoni ushahidi huo. Umaskini wa Mississippi haukuwa mlezi bora kuliko fedha.

Uamuzi huo umemfikia Mtanzania pia. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliondoka Chuo Kikuu cha Connecticut baada ya miaka mitatu, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA. Kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, timu yake ya Memphis ilimshusha kwa muda katika ligi ndogo. Je, mwaka wa nne chuoni ungalimkomaza, au ungalimpotezea nafasi hiyo, pengine kwa kuumia goti? Hakuna awezaye kujibu. Tim Duncan alikaa Wake Forest miaka yote minne, akamaliza shahada yake, na mwaka 1997 akachaguliwa wa kwanza.

Tangu 2021 wanafunzi wanaweza kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vyaweza kuwalipa, hivi kwamba wengine hawana tena haraka ya kuondoka. Naye Shaquille O'Neal, aliyeacha chuo huko Louisiana mwaka 1992 na kutajirika, alirudi kwenye vitabu, na mwaka 2000 akaruhusiwa kukosa mechi moja ya Lakers ili akapokee shahada yake.