"Unarudi Kenya lini?"

Mwalimu aliyehamishiwa Garissa kutoka Kakamega huenda akaulizwa swali hili sokoni, tena kwa upole. Hajavuka mpaka wa nchi. Amevuka Mto Tana tu. Katika matumizi haya, Kenya ni kule Nairobi, kule Mwingi, kule viazi vinakotoka.

Wapo wanaolikemea neno hili kwamba si la uzalendo. Mimi nasema wasome historia kwanza. Serikali ya kikoloni iliifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, Garissa ikiwemo, watu wakaingia na kutoka kwa kibali. Mwezi uleule wa uhuru, Desemba 1963, hali ya hatari ikatangazwa huko, nayo haikuondolewa hadi 1991. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walisailiwa na kutakiwa kubeba kadi ya ziada, mbali na kitambulisho. Wenzao wa makabila mengine hawakutakiwa. Lugha ilirekodi tu kilichotendeka.

Mgeni naye huzoea polepole. Huzoea chai ya maziwa ya ngamia, anjera asubuhi, maduka kufungwa Ijumaa adhuhuri, na kuitikia salamu ya Kisomali, "iska warran", bila kubabaika. Halafu siku moja anampigia dada yake simu: "Nitakuja Kenya Desemba." Hapo dada, aliyeko Kakamega, ndiye anayeuliza maana yake. Mwalimu ana mengi ya kumweleza, na nadhani ataeleza vizuri kuliko kamusi zetu, ambazo maana hii hazina.