Kasba ya Algiers: Nani Anayesimulia?

Usawiri wa mji katika sinema hauwezi kuhakikiwa pasi na kuuliza ni nani aliyeshika kamera. Mfano mwafaka ni Algiers, bandari iliyotekwa na Wafaransa mwaka 1830 na kubakia mikononi mwao hadi 1962. Katika Pépé le Moko (1937), filamu ya Julien Duvivier, Kasba, yaani mji mkongwe wa vichochoro ulio juu ya bandari, ni maficho ya mwizi kutoka Paris. Sehemu kubwa ya Kasba hiyo ilijengwa studioni Ufaransa, na Waaljeria wenyewe ni pambo la mandhari tu.

La battaglia di Algeri (1966) ya Gillo Pontecorvo ilipigwa katika vichochoro vyenyewe, na wakazi wakaigiza. Yacef Saadi, aliyewaongoza wapiganaji wa FLN mjini humo hadi alipokamatwa mwaka 1957, alishiriki kuitayarisha na kuigiza mhusika anayemwakisi yeye mwenyewe. Maficho yakageuka ngome. Pambo likawa mtendaji wa historia.

Hata hivyo, huyu naye ni mshindi anayesimulia ushindi wake. Filamu haifichi maafa ya mabomu ya FLN, lakini uhasama wa umwagaji damu baina ya FLN na MNA, chama pinzani cha ukombozi, haumo. Kuikataa taswira ya mkoloni, basi, ni nusu tu ya kazi ya mhakiki. Nusu ya pili, iliyo ngumu zaidi, ni kumhoji shujaa tunayemuunga mkono.