Nani Achaguliwe? Habari za Kriketi ya Bombay

Wasikilizaji wetu, kila penye mchezo pana mashauri. Vijana wakiisha kucheza, wazee huketi barazani wakaulizana: Kwa nini fulani amechaguliwa, na fulani ameachwa? Jioni hii twapenda kuwasimulia mashauri ya namna hiyo yaliyotokea Bara Hindi katika mchezo wa kriketi, nayo hayakuwa mashauri ya mchezo tu.

Kwanza tueleze jambo moja. Katika kriketi mpigaji husimama na gongo lake kulinda vijiti vitatu, na mtupaji wa mpira hujitahidi kumtoa. Katika mchezo wa siku nyingi kila upande hupiga mara mbili. Basi atakaye kushinda, kwa kawaida, hana budi kuwatoa watu kumi wa upande wa pili mara mbili, yaani watu ishirini. Upande wenye wapigaji hodari bila watupaji utapata hesabu kubwa, lakini siku zitakwisha na mchezo haujaamuliwa.

Mtupaji wa namna hiyo alikuwako katika mji wa Poona, jina lake Palwankar Baloo. Alizaliwa katika tabaka la mafundi wa ngozi, watu waliohesabiwa kuwa najisi na Wahindu wa matabaka ya juu. Kazi yake ilikuwa kutunza uwanja wa klabu ya Wazungu, na kuwatupia mpira wajizoezapo. Husimuliwa kwamba mmoja wao, J. G. Greig, mpigaji mashuhuri, alimpa nusu rupia kila mara alipomtoa. Baloo alitupa kwa mkono wa kushoto, polepole, na mpira ulipogusa ardhi uligeuka upande asiodhania mpigaji.

Wahindu wa Poona walitaka sana kuwashinda Wazungu, wakaanza kushindana wao kwa wao. Wengine walisema: Hatuwezi kucheza na mtu huyu. Wengine wakajibu: Bila yeye hatutashinda. Mwisho wakamchagua, lakini kwa nusu tu. Uwanjani waliushika mpira ule ule alioushika yeye. Wakati wa chai, yeye alipewa yake nje, katika kikombe cha udongo cha kutupwa.

Mwaka 1906, mjini Bombay, Wahindu waliwashinda Wazungu kwa mbio 109, na Baloo alikuwamo pamoja na ndugu yake Shivram. Mwaka 1911 timu ya Bara Hindi ilisafiri mpaka Uingereza chini ya Maharaja wa Patiala. Huko Baloo aliwatoa wapigaji 114. Je, alipewa ukapteni wa Wahindu? La, hata mara moja. Methali yasema, Mcheza kwao hutunzwa. Yeye alicheza kwao asitunzwe. Alipoachwa mwaka 1920, ndugu zake Vithal na Shivram walijitoa katika timu, na watu wengi wakawaunga mkono. Basi akarudishwa, akawekwa kuwa naibu wa kapteni. Mwaka 1923 ndugu yake Vithal aliwekwa kuwa kapteni, na Wahindu wakawashinda Wazungu.

Lakini shauri jingine lilibaki. Mashindano yale ya Bombay yaligawanywa kwa dini na taifa: Wazungu, Waparsi na Wahindu tangu mwaka 1907, Waislamu tangu 1912, na wengineo wote tangu 1937. Mwaka 1934 yalianzishwa mashindano mengine, Kombe la Ranji, ambayo timu zake zilitoka katika majimbo. Watetezi wa mashindano ya zamani walisema kwamba ndiyo yavutayo watu wengi uwanjani. Wapinzani waliuliza: Ya nini kuwafundisha watu kushangilia dini yao dhidi ya jirani zao? Mwaka 1940 Gandhi naye aliyapinga. Mwaka 1946 yakakoma, na Kombe la Ranji lashindaniwa hata leo.

Twajifunza nini? Wachaguzi wa Poona walijua thamani ya mkono wa Baloo kabla hawajakubali thamani ya Baloo mwenyewe. Nasi tuwapo wachaguzi, iwe kijijini au shuleni, tujiulize kama twatazama kazi ya mtu au ukoo wake. Wazee walisema: Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.