Majengo

Majengo ni jina la mitaa mingi ya Afrika Mashariki. Miji inayouzunguka Mlima Kenya ina yake kadhaa: Nyeri, Nanyuki, Meru na Embu.

Neno ni wingi wa jengo, kutokana na kitenzi jenga. Katika Kiswahili cha zamani majengo yalikuwa pia vifaa vya kujengea: boriti, fito, mawe. Mzizi wenyewe ni wa Kibantu cha kale. Wasukuma, Wanyamwezi na Wagogo husema zenga. Wakikuyu, Wameru na Wakamba hawanao, kwani kwao kitenzi ni aka. Kwa hiyo Majengo ya Nyeri hayakupewa jina kwa lugha ya wenyeji wa mlimani. Jina lilipanda kutoka pwani pamoja na watu.

Waingereza walifungua kituo cha Nyeri mwaka 1902. Waliofuatana nao, askari, wapagazi na wachuuzi, wengi walikuwa Waislamu wazungumzaji wa Kiswahili. Katika miji ya namna hii Wazungu walijitengea upande wao, Wahindi wakashika maduka, na watu hao wakajijengea pembeni, karibu na msikiti. Baadaye wakajiunga nao wenyeji waliosilimu au waliokuja kutafuta kazi. Nyumba zilifuata ramani ya pwani: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vya kupangisha huku na huku, jiko na choo uani. Ila makuti bara yalikuwa adimu, basi paa likaezekwa kwa bati, au kwa madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kunyooshwa.

Jina hili, kwa kila dalili, ni la wakazi na si la maofisa. Nairobi, serikali ilianzisha Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920, lakini sehemu yake kongwe watu huiita Majengo hadi leo. Mombasa ina Majengo yake nje ya Mji wa Kale. Nchini Tanzania yapo Dodoma, Moshi na Songea; nchini Kongo yapo Goma.

Kutoka mzizi huohuo Wakenya wana mjengo, yaani kibarua cha ujenzi. Anayekwenda mjengo si lazima awe anakwenda Majengo, na anayetafuta habari za Majengo aulize kwanza: ya mji gani?