Kwa Nini Ufute Rangi ya Kucha Kabla ya Upasuaji?

  

Ukipelekwa kupasuliwa katika hospitali kuu ya Kakamega, au kwingineko, muuguzi huenda akakuambia ufute rangi ya kucha. Akina mama wengine hununa. "Kwani napasuliwa tumbo au kidole?" Jibu lina historia ndefu.

Mwaka 1661, Mwitalia Marcello Malpighi alitazama mapafu ya chura kwa hadubini akaona mishipa midogo ajabu. Hiyo ndiyo kapilari. Ni myembamba kuliko unywele, hata chembe nyekundu za damu hupita kwa kufuatana moja moja. Hapo ndipo damu inapoupa mwili oksijeni. Moyo waweza kudunda, lakini damu isipofika huko viungo huanza kufa.

Dawa ya usingizi ilikuja baadaye. Tarehe 16 Oktoba 1846, mjini Boston, Marekani, William Morton alimlaza mgonjwa kwa mvuke wa etha mbele ya madaktari. Lakini tusidhani sisi tulikuwa tumekaa bure! Mwaka 1879, Mwingereza Robert Felkin alishuhudia huko Bunyoro, Uganda, mama akipasuliwa tumbo ili mtoto atolewe. Alikuwa amenyweshwa pombe ya ndizi hadi akalewa nusu, na mpasuaji akanawa kwa pombe hiyo hiyo. Mama akapona.

Hatari nayo ilionekana mapema. Januari 1848, huko Uingereza, msichana wa miaka 15, Hannah Greener, alipewa klorofomu ili ang'olewe ukucha wa mguu. Alifariki dakika chache tu baadaye. Ukucha tu, msikilizaji! Kuanzia hapo madaktari wakalazimika kuuliza: huu usingizi unaufanya nini moyo na damu?

Leo tunajua kwamba nyingi za dawa za nusu kaputi hulegeza mishipa. Presha hushuka. Damu yenye joto hukimbilia kwenye ngozi, mikono ikawa na joto huku tumbo na kifua vikipoa. Ndiyo sababu wagonjwa wengi huamka wakitetemeka, na ndiyo sababu wanafunikwa blanketi. Si malaria.

Sasa, mtu aliyelala hawezi kusema, "Daktari, naishiwa." Kwa hiyo anayemlaza humsomea damu. Njia ya zamani unaweza kuijaribu sasa hivi: bonyeza ukucha mpaka upauke, kisha achia. Kwa mtu mzima mwenye afya, wekundu hurudi kwa sekunde mbili hivi. Ukichelewa sana, huenda damu haifiki vizuri, ingawa baridi nayo huchelewesha.

Mwaka 1974 Mjapani Takuo Aoyagi alitangaza njia bora zaidi: mwanga unapitishwa kidoleni, na kila mpigo wa damu unaonyesha kiasi cha oksijeni. Kibanio hicho cha kidole kimo katika orodha ya usalama wa upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008. Rangi nzito ya kucha, hasa nyeusi au buluu, huweza kukidanganya. Kibanio chenyewe kina dosari pia: mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kwa watu weusi kinaweza kuonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo. Kwa hiyo mhudumu mzuri haangalii namba peke yake. Hutazama pia midomo na ulimi.

Na ulimi una siri yake. Tangu mwaka 1999 kuna kamera ndogo zinazowekwa chini ya ulimi na kuonyesha damu ikitembea ndani ya kapilari, kama vile Malpighi alivyoiona kwa chura. Nyingi bado ni za watafiti. Hapa kwetu tunategemea kibanio, kipima presha na macho ya aliyekulaza. Basi mama, futa hiyo rangi nyumbani kabla hujapanda matatu. Kidole kimoja kisafi kitamtosha.