Mguu wa Kushoto na Nambari 127: Historia Fupi ya Haihati ya Kielektroniki

Leo tuweke kando mambo ya hifadhidata tuzungumzie mguu. Naam, mguu wa kushoto wa mpiga ngoma.

Kanisani kwetu tuna seti ya ngoma za kielektroniki, na kijana anayezipiga nusura aondolewe kwenye kikundi cha sifa. Kosa lake? Eti mguu wake unachelewa. Kila akikanyaga pedali ya haihati kwenye pigo la pili na la nne, ule mlio wa "chik" unafika nyuma ya gitaa la besi. Siku nyingine haufiki kabisa. Akanivuta kando baada ya mazoezi: "Kaka, mguu wangu naujua. Hauchelewi."

Shahada yangu ni ya sayansi ya tarakilishi, si ya muziki. Lakini nikajiuliza: kati ya kiatu cha huyu kijana na spika kuna nini? Swali hilo likanirudisha nyuma karibu miaka mia moja.

Kwa wasioijua, haihati ni matoazi mawili yanayotazamana kwenye stendi moja. La chini limetulia, la juu linashuka ukikanyaga. Katika miaka ya 1920 huko Marekani kifaa hiki kilikuwa kifupi, karibu na sakafu, kikipigwa kwa mguu tu. Kabla ya mwongo huo kwisha mhimili ukarefushwa ili vijiti navyo viyafikie matoazi. Miaka ya 1930 Jo Jones, mpiga ngoma wa bendi ya Count Basie, akaifanya haihati ibebe mdundo mzima wa jazi. Na utamu wa haihati uko katikati: si wazi kabisa, si kufungwa kabisa. Mguu ukilegea kidogo tu, sauti inabadilika.

Kisha wakaja wahandisi wa elektroniki. Mashine ya Roland TR-808, iliyotoka mwaka 1980, ilikupa haihati mbili: ya wazi na ya kufungwa, zote zikitokana na saketi sita za mawimbi ya mraba zilizochanganywa. Ukipiga ya kufungwa, ile ya wazi inanyamaza. Ujanja mzuri, lakini mguu haumo. Katikati pamefutwa.

Mwaka 1983 ikaja MIDI, lugha ya vyombo vya muziki kuzungumza wao kwa wao. Waanzilishi wake wakuu walikuwa Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani. MIDI hupitisha biti 31,250 kwa sekunde. Ujumbe wa noti moja una baiti tatu, kwa hiyo unachukua karibu milisekunde moja. Biti moja ya kila baiti imetengwa kuonyesha kama hiyo ni amri au data, na data ikabaki na biti saba. Ndiyo maana karibu kila kitu kwenye MIDI kinaishia 127.

Mwaka 1991 kanuni za General MIDI zikagawa nambari: noti 42 ni haihati iliyofungwa, 44 ni ya mguu, 46 ni ya wazi. Umeona? Bado hakuna noti ya katikati. Kazi hiyo moduli nyingi ziliipa ujumbe mwingine, kidhibiti nambari 4, kinachosema pedali imeshuka kiasi gani.

Mwaka 1997 Roland wakatoa V-Drums TD-10 zenye ngozi za wavu, na kijiti kikaanza kuruka kama kwenye ngoma ya kweli. Haihati yake lakini ilikuwa bado pedi isiyosogea, na pedali chini yake, kila moja na waya wake. Mwaka 2004, TD-20 ikaja na VH-12: matoazi mawili ya mpira juu ya stendi ya kawaida. Miaka 24 baada ya 808, mguu ukawa umerudi mahali pake.

Turudi kanisani. Seti yetu ni ya bei nafuu, ya ule mtindo wa pedali pembeni. Ndani ya pedali kuna mpira unaopitisha umeme ukikandamiza ukanda uliochapwa. Kadiri unavyokanyaga, ukinzani unabadilika, na moduli inapima voltiji.

Nikaunganisha moduli na tarakilishi yangu nisome kidhibiti nambari 4. Mguu ukiwa juu: 0. Mguu ukiwa chini kabisa: si 127, bali nambari inayotetemeka kati ya 88 na 94. Na moduli ilikuwa ikingoja 90 ndipo iseme "imefungwa". Mara inasema mwishoni kabisa mwa safari ya mguu, mara haisemi. Kijana alikuwa kwenye pigo lake. Kilichochelewa ni kizingiti.

Tulianza na mambo rahisi. Kebo nyingine ya aina ile ile. Skrubu zikakazwa. Mpira na ukanda vikafutwa kwa kitambaa kikavu. Vumbi lililotoka humo lingetosha kupanda sukuma. Kisha tukaiambia moduli upya wapi ni juu na wapi ni chini, kwa maelekezo ya kitabu chake. Nambari ikapanda hadi 118. Mtetemo ukabaki.

Hapo nikaandika programu ndogo. Moduli haipigi sauti moja kwa moja tena: ujumbe unapita kwangu, unachujwa, unarudi. Dawa ni vizingiti viwili badala ya kimoja. Haihati inafungwa ikivuka 80 kwenda chini, na haifunguki mpaka irudi hadi 65. Wazo si langu. Ni la Otto Schmitt wa Marekani, aliyelibuni mwaka 1934 akichunguza jinsi neva za ngisi zinavyopitisha ishara. Miaka ile ile Jo Jones alikuwa akipiga haihati ya shaba!

Jumapili iliyofuata "chik" ilikaa juu ya besi. Kiongozi wa sifa alimwambia kijana, "Naona umefanya mazoezi." Kijana akanitazama, akacheka. Mimi nilimweleza kiongozi ukweli baada ya ibada, kwa kumwonyesha nambari za kabla na za baada, naye akaenda kumwomba kijana radhi.

Katikati bado si kama shaba. Ngazi 128 ni ngazi tu, na mguu ni mteremko. Lakini sasa tukisikia kosa, tunapima pedali kabla ya kumgusa mtu.

Haya, tuonane safari ijayo.