Vita Juu ya Meza

Ukifika Tabaka, katika kaunti ya Kisii, utawaona wazee kwa vijana wakichonga jiwe laini ambalo wageni hulijua kwa jina la jiwe la Kisii. Huchonga vibakuli, ndege na viboko, na pia seti nzima za sataranji: mfalme, farasi, ngome na safu ya askari wa miguu. Vitu hivi aghalabu hununuliwa na wageni, vikasafiri hata Ulaya na Marekani. Basi askari wa jiwe letu hupigana vita mezani kwa watu wengine, nasi tumewauza pasipo kuwachezesha. Nataka kukuonyesha, ewe msomaji, kwamba mchezo wa vita si mgeni katika nchi zetu, na kwamba unastahili kurudishwa.

Huko Hyrax Hill, karibu na Nakuru, mashimo ya bao yamechongwa katika mwamba wenyewe. Mchezo huu una majina mengi: Waluo, majirani zetu, huuita ajua, na Waganda omweso. Katika bao la pwani mna mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 katika mashimo yake, sita kati yake zikiwa katika nyumba, na 22 mkononi. Angalia jambo moja. Katika sataranji, askari aliyeliwa huondolewa na vita humalizika bila yeye. Katika bao, kete zilizoliwa hupandwa upande wa yule aliyezila, zikampigania kuanzia hapo. Anayejua historia ya majeshi ya Afrika Mashariki hatashangaa.

Sataranji ilizaliwa Bara Hindi zaidi ya miaka 1,300 iliyopita, ikiwa mfano wa jeshi lenye tembo, farasi, magari na askari wa miguu, ikapitia Uajemi na Uarabuni. Karne nyingi baadaye Waprusia walitaka mchezo ulio karibu zaidi na vita vya kweli. Mwaka 1824 afisa kijana, von Reisswitz, alitoa kanuni za mchezo uliochezwa juu ya ramani. Werevu wake ulikuwa katika mwamuzi: mchezaji hakuona jeshi lote la adui, bali aliambiwa tu yale ambayo wapelelezi wake wangeweza kuyaona. Kisha, mwaka 1913, mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapa kitabu kidogo kuhusu vita vya askari wa kuchezea, akatoa hoja kwamba mtu akivijaribu vita vidogo atatambua upumbavu wa vile vikubwa. Ulimwengu haukumsikiliza. Mwaka uliofuata vita vikubwa vilifika mpaka hapa Kisii.

Habari hizo nitazisimulia kwa kirefu kidogo, kwa kuwa ndizo ningependa ziwekwe mezani. Mnamo tarehe 11 Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani kilichovuka mpaka kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani kiliingia katika mji wa Kisii, ambao maafisa wa Kiingereza walikuwa wamekwisha kuuacha. Kesho yake askari wa King's African Rifles, walioletwa kutoka Kisumu, waliwashambulia kutoka vilimani. Wakapigana siku nzima. Kiongozi wa askari wa Kiingereza aliuawa, na risasi zikakaribia kwisha. Jua lilipotua Waingereza walirudi nyuma. Nao Wajerumani, waliokuwa wameumia sana, wakaondoka kuelekea mpakani, wasijue hali ya wenzao. Waingereza waliporudi, waliukuta mji hauna adui. Hata von Reisswitz asingetunga mfano bora wa kazi ya mwamuzi. Na usisahau kwamba katika pande zote mbili walio wengi miongoni mwa waliobeba bunduki walikuwa Waafrika.

Lakini meza ya wachezaji wawili haitoshi. Palikuwapo upande wa tatu, nao ni wenyeji. Abagusii walikwisha kupigwa na serikali mwaka 1905, na tena mwaka 1908, baada ya Otenyo, aliyechochewa na Moraa, kumchoma mkuki Northcote, mkuu wa wilaya. Walipowaona watawala wamekimbia, wengi waliona utawala ule umekwisha. Wakaingia mjini, wakachukua mali ya ofisi, ya maduka na ya misheni. Serikali ilipokwisha kurejea, iliwaadhibu vikali, na ng'ombe wao wengi wakachukuliwa. Masimulizi ya kijeshi huyataja mambo haya kwa sentensi moja au mbili, kana kwamba watu walikuwa sehemu ya nyasi za vilimani. Mimi sikubaliani na uandishi wa namna hiyo, wala sioni sababu ya mchezo kuurudia.

Kwa hiyo, mkitaka kuucheza mchezo huu shuleni, Kisii au Nyamira, wekeni wachezaji watatu na mwamuzi mmoja. Vilima vifanywe kwa vitabu vilivyofunikwa blanketi. Kila upande uandike amri zake katika karatasi na kumpa mwamuzi, asiyefunua ila kile kinachoonekana kutoka mahali pale. Risasi zihesabiwe kwa mbegu, na zinapokwisha, zimekwisha. Kanuni ngumu ni ile ya mchezaji wa tatu: ushindi wake ni nini? Je, ni kuupata mji kwa siku moja, au ni kuwaficha ng'ombe wake mpaka dhoruba ipite? Darasa lisipige kura haraka. Waulizwe kwanza wazee, maana wapo waliosimuliwa na babu zao, na majibu yaandikwe katika daftari pamoja na kanuni nyingine. Mchezo usioandikwa hufa na wachezaji wake. Ndiyo sababu katika miaka ya 1990 mtaalamu Mholanzi, Alex de Voogt, alikwenda Unguja kujifunza jinsi mafundi wa bao wanavyofikiri.

Askari hawatakuwa shida. Jiwe la Tabaka lipo jeupe, lipo la kijivu na lipo la waridi. Rangi tatu zinatosha.